Kuku Akiugua, Tusimpe Dawa ya Mtoto

Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona ukurasa wa afya ukizungumzia kuku. Mtasema mifugo ina bwana mifugo wake, na sisi wauguzi kazi yetu ni watu. Ni kweli. Lakini hivi karibuni tulimpokea wodini mtoto wa miaka minne mwenye nimonia, na ugonjwa wake ulipitia kwenye banda la kuku.

Mtoto huyo alikuwa amepewa vidonge vya amoksilini vya siku tano. Siku ya pili homa ikashuka, akaanza kucheza. Siku hiyohiyo kuku wa nyumbani wakaanza kushusha mabawa na kuhara kijani. Mama yake akaona mtoto amepona, akavunja vidonge vilivyobaki akavikoroga katika maji ya kuku. Baada ya siku chache mtoto alirudi kwetu akihema kwa shida, mbavu zikiingia ndani. Alilazwa siku nane. Kuku wote 11 walikufa.

Hatukumkaripia mama yule. Kuku wale ndio waliokuwa wakilipa nauli na gharama za hospitali, na mayai yao ndiyo mboga ya watoto. Mtu anayeona akiba yake inadondoka moja moja uani hawezi kukaa mikono mitupu. Tena tuseme ukweli, hata miongoni mwetu wenye sare nyeupe wamo wanaoomba dawa zilizopita muda ili wakawape kuku wao. Kwa hiyo maneno haya yanatuhusu wote.

Ugonjwa uliowaua kuku wale, kwa dalili alizotueleza mama, ulikuwa mdondo, ambao wengine huuita kideri. Unaletwa na virusi. Amoksilini, tetrasaiklini na vile vidonge vya rangi mbili huua bakteria tu, kwa virusi havifanyi kitu. Mdondo hauna dawa ya kuutibu, si ya dukani wala ya mitishamba. Shubiri mwitu, pilipili na mwarobaini hatuvidharau, bibi zetu walivitumia na sisi tumevitumia. Lakini hatujaona kuku aliyepinda shingo kwa mdondo akainuka kwa sababu ya shubiri.

Hasara ya kumpa kuku dawa kwa kubahatisha haiishii kwa kuku. Dawa kidogo kidogo katika maji huua bakteria dhaifu na kuwaacha sugu wazaliane, nao hutoka bandani kwa njia ya kinyesi, nyama, mayai na mikono ya watoto. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya juu ya dozi pungufu mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel. Leo tunayaona wodini: dawa iliyokuwa ikimaliza usaha wa kidonda kwa siku chache, sasa mara nyingine tunaimaliza yote na kidonda kipo palepale.

Je, basi tumwache kuku afe? Hapana. Kumtazama na kumuuguza nyumbani ni jambo jema, na mama wa nyumbani analiweza kuliko anavyodhani. Kwanza mtenge. Mweke peke yake penye kivuli, pakavu, na chombo chake cha maji, mbali na wenzake na mbali na jiko mnalopikia. Wahudumie wazima kwanza, mgonjwa awe wa mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Halafu mshike umtazame taratibu. Undu wake ni mwekundu au umepauka? Mweupe mno huenda ananyonywa damu na utitiri au ana minyoo. Funua manyoya chini ya mabawa na karibu na njia ya haja, na usiku mulika nyufa za banda, maana utitiri hujificha humo mchana. Papasa kidari: mfupa ukitokeza kama kisu, kuku huyo ameanza kukonda siku nyingi, hakuugua jana. Uso ukivimba, macho yakatoa machozi na pua ikatoa ute wenye harufu mbaya, hayo ni mafua ya kuku. Vipele vigumu kwenye undu na kuzunguka macho ni ndui, ambayo huenezwa zaidi na mbu. Osha macho kwa maji safi yenye chumvi kidogo ili aweze kuona chakula, na wengi wa wakubwa hupona wenyewe. Vifaranga vya wiki chache vikijikunyata na kuhara damu, hiyo ni koksidia. Ina dawa yake kwa bwana mifugo, lakini bila kuondoa maranda yaliyolowa itarudi. Tetea anayekaa kiotani akisukuma bila yai kutoka, mkalishe sehemu ya nyuma katika maji ya uvuguvugu, umwache mahali pa utulivu. Usibonyeze tumbo, yai likivunjika ndani utampoteza.

Kuku asiyeweza kunywa msimlaze chali na kummiminia maji kooni. Yataingia kwenye mapafu. Dondosha tone moja moja pembeni mwa mdomo.

Kama wanakufa wengi kwa siku mbili tatu, wanakohoa, wanahara kijani na kupinda shingo, hapo uuguzi wa nyumbani umefika mwisho. Mwiteni ofisa mifugo. Mafua makali ya ndege nayo huua kuku ghafla namna hiyohiyo, na hayako mbali nasi: mwezi Januari 2017 Uganda ilitangaza kuyakuta kwa ndege wa porini kando ya Ziwa Viktoria na kwa kuku pia.

Sasa tuguse jambo ambalo wengi hawapendi tulitaje, yaani kula kibudu na kupeleka kuku wagonjwa mnadani. Tunajua njaa ni nini. Lakini anayemnyonyoa kuku aliyekufa kwa ugonjwa humwaga utumbo na manyoya uani, na mbwa na kuku wa jirani huja kula. Naye anayewakimbiza wagonjwa sokoni alfajiri, kabla hawajalala chini, anampelekea mwenzake msiba huku akipokea fedha yake. Kwa maoni yetu jambo hili lastahili kutajwa katika kutafuta dhamiri kabla ya kitubio, sawasawa na mizani ya uongo. Kuku aliyekufa achomwe, au afukiwe shimo refu ambalo mbwa hatafukua.

Na dawa ya mdondo tunayoiamini ni chanjo. Iko inayoitwa I-2, ambayo mbegu yake ilitayarishwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, nayo hutengenezwa hapa Tanzania. Huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa nayo haitaki jua. Ibebeni ndani ya kitambaa kilicholowa maji. Tone moja katika jicho moja, kifaranga na jogoo sawa, na kurudia kila miezi mitatu. Wachanjwe wakiwa wazima, kwa kuwa chanjo haimponyi aliyekwisha ambukizwa, na inahitaji wiki mbili hivi kabla ya kumkinga. Msingoje kiangazi kiwe kikali na jirani aanze kufukia kuku.

Shida ni kwamba chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, ndiyo maana wengi huona ni ghali wakaacha. Jumuiya Ndogo Ndogo zinakutana kila wiki. Kwa nini familia kumi zisichange chupa moja, wakachagua mtu mmoja wa kuchanja, asubuhi na mapema kabla kuku hawajafunguliwa? Anayechanja asijipanguse macho kwa mikono hiyo, kwani hata macho ya mtu huweza kuvimba kwa virusi hivyo.

Mabaki ya vidonge vya mtoto, kama yapo kwa sababu yoyote, yarudisheni kwetu dirisha la dawa. Hatutauliza maswali mengi.