Kona ya Mikono: Vidani vya Maganda ya Ziwani



Mwezi huu kona ni ya wale waliorudi kutoka ufukweni Bugarama na mifuko imejaa maganda ya konokono. Mama mmoja aliniuliza: "Mwalimu, sasa uchafu huu tuuweke wapi?" Mama, usitupe. Hapo kuna kidani, kuna bangili, na kuna kazi ya mchana mzima kwa mtoto asiye na cha kuchezea. Lakini kwanza tuelewane mambo mawili.

La kwanza, tunaokota mchangani pakavu, hatuingii majini. Kwenye maji yaliyotulia, hasa penye majani na matete, wanaishi konokono wadogo wanaobeba vidudu vya kichocho, ugonjwa ambao wengine wanauita bilhazia. Vidudu hivyo havionekani kwa macho. Vinaingia kupitia ngozi kwa dakika chache tu, na mtoto hasikii kitu. Baadaye tumbo linauma, choo kinatoka na damu. Dawa ipo na inatibu, kwa hiyo mtoto mwenye dalili hizo apelekwe kwa muganga mapema. Ganda kavu lililokaa juani halina shida hiyo.

Kuna watoto wetu waliovuka ziwa hili usiku, na hawataki kusogelea maji. Msiwacheke, msiwasukume. Siku ile walibaki juu mchangani, na ndio waliookota maganda mengi kuliko wote.

La pili, ganda tupu lililo chini ya maji lina mwenyewe. Ndani ya Tanganyika kuna samaki wadogo wanaokaa na kutaga mayai ndani ya maganda ya konokono. Kuna aina moja ambayo dume anabeba maganda kwa mdomo, moja moja, anayakusanya rundo, halafu majike wanaingia humo kutaga. Sisi hapa hatuna haja ya kufundishwa maana ya kunyang'anywa nyumba. Tuyaache.

Haya, tufanye kazi:

1. Osha maganda kwa sabuni, yaanike juani siku tatu. Likinuka bado, ndani kuna nyama iliyooza. Liweke kando.

2. Usitoboe kwa kugonga msumari, ganda litapasuka na kumkata mtoto. Chukua jiwe lenye kukwaruza, lilowanishe, sugua ganda mahali pamoja mpaka tundu dogo lionekane. Maji yanazuia vumbi lisiingie puani.

3. Pitisha uzi, funga fundo kila upande wa ganda ili yasigongane. Uzi wa gunia unafaa kwa bangili.

4. Kidani cha shingoni kifungwe kwa uzi wa kushonea tu. Nailoni ya wavu haikatiki. Ikinasa mahali wakati mtoto anakimbia, itamkaba. Na walio chini ya miaka mitatu wasipewe kabisa, watameza.

Lile ganda kubwa, nene, la mviringo, ni la konokono anayeishi Tanganyika peke yake, hakuna ziwa lingine duniani analopatikana. Na yuko pande zote: Burundi, Kongo, Tanzania, Zambia. Mtoto mmoja wa kutoka Fizi aliligeuza mkononi akasema, "Mwalimu, hii iko na kwetu." Kweli kabisa. Hakuongeza neno, na mimi sikumuuliza zaidi.

Ndiyo maana nawaomba wazazi: mtoto akikaa kusugua ganda lake, kaa naye kidogo, chukua na wewe moja. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unafunguka wenyewe. Akisema kitu cha kule nyumbani, msikilize. Akinyamaza, sugueni tu.

Vidani vikiisha, vileteni darasani tuvitundike ukutani. Mwezi ujao tutatengeneza mipira ya majani ya migomba. Anzeni kukusanya!

Mwalimu wenu