Ukitaka Kucheza Middle-earth, Weka D&D Kando

Kila mara mbogi ikitaka kuanza kampeni ya Middle-earth, lazima mtu aseme, "Si tutumie tu D&D? Kila mtu anaijua." Naelewa. Kufunza watu watano kanuni mpya ni kazi, na vitabu vyenyewe si bei rahisi. Lakini mimi nasema hapana. Wachezaji hufanya kile mchezo unawatuza kufanya. Ukichagua mfumo, umeshachagua hadithi.

D&D ilitoka 1974 na ilikopa sana kwa Tolkien. Wenye haki walipolalamika, hobbit wakabadilishwa jina wakawa halfling. Lakini ilikopa sura tu, roho ikaachwa nyuma. Kwa D&D ya leo unaua madubwana, unapata pointi, unapanda levo. Ukifika levo ya 5, mchawi wako anarusha mpira wa moto unaochoma kikosi kizima. Halafu unalala usiku mmoja na uhai wote unarudi. Ni raha, sikatai. Sasa fikiria Frodo. Kidonda alichopata Weathertop kiliendelea kumsumbua hata baada ya vita kuisha. Kwa D&D angelala, aamke fiti, mambo yaendelee.

Na Gollum je? Kitabu kizima kinaegemea huruma ya Bilbo na Frodo, waliokataa kumuua. Kwa meza inayolipa kuua, Gollum ni pointi zinazotembea.

Ndio maana mimi nasimama na The One Ring ya Francesco Nepitello. Ilitoka mara ya kwanza 2011, na toleo la pili likaletwa na Free League 2022. Humo kila mhusika ana ustahimilivu wake, na vifaa vya vita anavyobeba vina uzito. Ustahimilivu ukishuka hadi kiwango cha mzigo, umechoka, na dadu zako za pande 6 zikitoa 1, 2 au 3 zinahesabiwa sufuri. Ghafla watu wanajadiliana kama watupe ngao. Hapo ndipo unamwelewa Sam akitupa sufuria zake kule Mordor.

Kuna pia Matumaini na Kivuli. Matumaini unayatumia kuongeza dadu mambo yakiwa magumu. Kivuli kinakuingia ukikutana na vitu vya kutisha, na pia ukifanya uovu. Yaani ukitesa mateka ndio aseme ukweli, habari utapata, lakini mtu wako anaanza kuoza ndani. Kivuli kikifikia Matumaini uliyobaki nayo, jicho la Sauron likitokea kwenye dadu ya pande 12, umefeli. Hakuna mjadala.

Safari nayo si mstari mmoja wa "mmefika". Lazima kuwe na kiongozi wa njia, mwindaji, mpelelezi na mlinzi, na kila mmoja akilegea wote wanaumia.

Kama mbogi yako imekataa kabisa kuacha D&D, Free League walitoa The Lord of the Rings Roleplaying 2023. Inatumia kanuni za D&D lakini imeondoa wachawi wa kurusha moto na kuweka safari na Kivuli. Ni daraja zuri. MERP ya 1984 ina majedwali matamu ya majeraha, lakini uchawi wake ni mwingi kuliko wa vitabuni.

Na msiseme vifaa hakuna. Dadu za pande 6 chukueni kwa ludo, ile ya pande 12 tumieni programu ya simu. Huna mbogi? Kuna kanuni za kucheza peke yako zinaitwa Strider Mode.

Kama unataka kupiga madubwana na kupanda levo, cheza D&D bila aibu, ndiyo kazi yake. Lakini kama unataka kujua mtu mdogo, aliyechoka, mwenye njaa, atafanya nini akiwa na kisu mkononi na adui amelala mbele yake, chagua mfumo ambao jibu lake lina gharama.