Daftari ni ya nani? Maneno ya kuuliza mbele ya kuchagua programu ya wafadhili

Siku hizi asbl nyingi za hapa kwetu, kutoka Lubumbashi mupaka Kolwezi, zinasikia neno moja toka kwa wale wanaozisaidia: «Acheni makaye, acheni Excel, ingieni mu programu.» Wanasema juu ya programu ya ordinatere yenye kutunza majina ya wafadhili, michango yao, namba zao za telefone, barua walizoandikiwa na shukrani walizopewa. Sisi watu wa sendika, tunaoendesha pia mufuko wa kusaidia wajane na wagonjwa wa mugodi, tumeambiwa vilevile. Hatukatai. Lakini tunaona wenzetu wengi wanaanzia ku mukia. Wanauliza bei, wanauliza kama iko nzuri ku macho, hawaulizi swali lenye kubeba mengine yote: hii daftari itabaki mikononi mwa nani?

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli. Kama muchango wa 5 000 franka haukuandikwa, kesho mwenye kutoa atasema alitoa, mutunza sanduku atasema hakupokea, na umoja wa miaka kumi utavunjika juu ya 5 000 franka. Kama rafiki wa Ubelgiji ametuma falanga ya dawa, na sisi tunashindwa kumuonyesha kama ni dawa kweli ilinunuliwa, hatarudi tena. Kwa hiyo daftari nzuri si pambo. Ila ile daftari inayolinda mali inaweza pia kuweka watu mu hatari. Njo maana kuchagua programu si kazi ya kuachia paka kijana anayejua mambo ya ordinatere. Ni kazi ya komite nzima.

Tuanze na mufadhili mwenyewe. Ni nani? Watu wengi wakisikia hii jina wanaona paka mugeni anayeshuka mu ndege. Lakini mu mufuko sawa wetu, mufadhili wa kwanza ni mufanyakazi anayekatwa franka kidogo ku mushahara kila mwezi. Wa pili ni mutu aliyetoka zamani ku kazi, sawa wale wa «départs volontaires» ya Gécamines ya miaka 2003 na 2004, ambao walikuwa zaidi ya 10 000. Hana mushahara tena, lakini kukiwa kilio analeta meka ya unga. Wa tatu ni parokia, ni mwenye duka la karibu, ni mutoto wetu aliye Afrika Kusini au Ulaya. Kisha njo kunakuja shirika la nje. Programu yenye kuandika vizuri paka huyu wa mwisho na kusahau wale watatu wa mbele, si ya kwetu. Inatufundisha kujizarau sisi wenyewe.

Sasa tuangalie visanduku vyake. Programu nyingi zilitengenezwa juu ya watu wa Marekani na wa Ulaya. Zinauliza majina mawili. Sisi tuko na matatu: nom, postnom na prénom, na hiyo postnom tuko nayo tangu siasa ya «authenticité» ya Mobutu, 1972. Sekretere mumoja ataweka postnom pamoja na nom, mwingine ataiweka pamoja na prénom, na kisha mwaka mutu mumoja atakuwa watu wawili. Na akina Ilunga, akina Kasongo, akina Ngoy, tuko nao wangapi mu mugodi mumoja? Basi jambo la kwanza la kupima ni hili: tuweze kuongeza visanduku vyetu wenyewe, postnom, matrikule, kituo cha kazi, na programu iweze kutuonyesha majina yenye kufanana na kuyaunganisha bila kupoteza muchango hata mumoja.

Jambo la pili ni falanga. Programu ya mbali inafikiri mwenye kutoa ana karte ya banki, ana imeli, ana nyumba yenye namba na kodi ya posta. Kwetu mutu anatoa kwa mukono, au anatuma kwa M-Pesa, Airtel Money wala Orange Money. Mara mingi telefone aliyotumia si yake, ni ya mutoto wala ya jirani, na yeye mwenyewe ana namba mbili ao tatu. Kama programu inatambua mutu kwa namba moja ya telefone, shukrani zitaenda kwa jirani. Ni lazima kuwe fasi ya namba nyingi, na fasi ya kuandika ile namba ya operesheni inayokuja mu mesaji. Tena tuko na falanga mbili, franka na dola. Kila muchango uandikwe mu falanga ile ulitoka nayo, pamoja na kiwango cha kubadilisha cha siku ile. Programu yenye kugeuza vyote kuwa dola kwa kiwango kimoja cha mwaka itatuingiza mu matata siku ya kukagua hesabu.

Jambo la tatu ni vitu. Mifuko ya simenti, mbao za sanduku la maiti, unga, mafuta, camion ya kubeba watu ku makaburi. Hii yote ni michango. Kama haiandikwe, mwenye kutoa mbao anaonekana sawa mutu ambaye hakutoa kitu. Na kila muchango uandikwe pamoja na nia yake. Falanga ya dawa ni ya dawa, haiwezi kununua esanse ya motokari ya prezida. Programu nzuri inatuonyesha palepale: juu ya dawa kuliingia ngapi, kulitoka ngapi, kunabaki ngapi.

Jambo la ine linatugusa zaidi. Mufanyakazi akikufa, mu programu nyingi fishe yake inafungwa. Kwetu hapo njo kazi inaanza. Kuko mujane, kuko watoto wa shule, kuko mutoto wa dada aliyekuwa akilelewa mu nyumba. Fishe ya marehemu inapaswa kushikamana na zao, na miaka yake ya kuchanga ionekane, ili mujane asikuje ku biro kuomba sawa mutu wa kuombaomba, lakini kudai haki ya nyumba yake.

Ni programu gani basi? Tunasema zile tatu ambazo zinatajwa mingi. Kuko Salesforce, ya kompani kubwa ya Marekani, ambayo inapatia mashirika yasiyo ya faida ruhusa 10 za bure. Ni chombo chenye nguvu, hatukatai. Lakini inaishi mu intaneti, na inataka mutu anayejua kuitengeneza na kuilinda kila siku; ruhusa ya bure hailipi mushahara wa huyo mutu. Kuko CiviCRM, programu huru, ilitengenezwa tangu mwanzo juu ya mashirika sawa yetu, inafanya kazi pamoja na WordPress, Drupal wala Joomla. Inajua kushikamanisha watu, bibi na bwana, muzazi na mutoto. Kuiweka kunataka fundi, lakini fundi akishaondoka, daftari inabaki kwetu. Kuko na Dolibarr, programu huru iliyotoka Ufaransa, yenye sehemu ya wanachama na sehemu ya michango. Inasema kifaransa, na inaweza kutiwa ku ordinatere moja mu biro bila intaneti.

Hili la mwisho si neno dogo. Umeme unakatika, intaneti inalipwa kwa mega, na mwisho wa mwezi mega zimeisha. Kwa asbl ndogo ya mugodi, sisi tunaona njia hii: anza na Excel moja iliyopangwa vizuri, yenye visanduku vile tumesema, ukishaona watu wanaijaza bila kuchoka, ingia mu programu huru inayokaa ku ordinatere ya biro. Programu ya mbali ije siku kutakuwa mutu wa kuitunza na falanga ya kuilipa kwa miaka mitatu. Mufadhili analipa mara mingi mwaka wa kwanza tu. Mwaka wa pili fakture inakuja kwa jina lenu.

Sasa tuje ku hatari. Uingereza kulikuwa biro moja yenye kuitwa Consulting Association. Ilitunza fishe za wafanyakazi wa kujenga zaidi ya 3 200, na kompani zaidi ya 40 zilikuwa zinalipa ili ziambiwe nani ni mutu wa sendika, nani alilalamika juu ya usalama wa kazi. Watu walikosa kazi miaka na miaka bila kujua sababu. Mu 2009 wakaguzi wa serikali waliingia mu ile biro na kukamata fishe; mu 2016 kompani kubwa zililipa fidia na kuomba samahani mbele ya mahakama. Hizo zilikuwa karatasi tu. Hata intaneti haikuhitajika. Majina, matrikule na sentensi moja kwa kila mutu vilitosha.

Na programu nazo zinavunjwa. Blackbaud ni kompani ya Marekani ambayo kazi yake ni hii hii, kutunza daftari za wafadhili. Mu 2020 wezi wa intaneti waliingia ndani; mashirika zaidi ya 13 000 yaliguswa. Mu 2023 ilikubali kulipa majimbo ya Marekani dola milioni 49,5. Kama kompani yenye walinzi wa vile inaibiwa, sisi wenye neno la siri lililoandikwa ku ukuta wa biro tutasema nini?

Fikirini basi daftari yetu. Ndani yake kuko nani analipa sendika, nani anatoa kisirisiri, nani ana ugonjwa wa mapafu na bado anashuka mu mugodi juu ya kulisha watoto. Ile listi ikifika kwa bwana mukubwa wa kompani, ni listi ya kufukuza. Kwa hiyo tunasema wazi: mufadhili apewe hesabu, asipewe majina. Wajane wangapi walisaidiwa, watoto wangapi walilipiwa shule, falanga ngapi ilitoka: hiyo ni haki yake. Akitaka kuhakikisha, atume mukaguzi, mukaguzi asome mu biro, mbele ya watu wawili wa komite, na daftari isitoke. Kuko wenye kutujibu kwamba hivyo tutapoteza msaada. Tunawaambia: mufadhili wa Ulaya anajua hii kuliko sisi. Sheria yao ya RGPD, inayotumika tangu 2018, inaweka kuwa mutu wa sendika mu kundi moja na dini na ugonjwa, mambo ya kulindwa zaidi. Na sisi tuko na Kode ya numeriki ya 13/03/2023, ambayo inalinda habari za mutu. Kukataa kutoa majina si kiburi. Ni kufuata sheria.

Ufunguo uwe wa watu wawili, sawa sanduku la kufuli mbili. Delege aone watu wa kituo chake tu. Mambo ya ugonjwa yaonwe na mutu mumoja aliyeapa mbele ya wanachama. Nakala ya daftari itoke kila juma, iwekwe ku diski mu nyumba ingine, iliyofungwa na neno la siri. Tunajua asbl moja ambayo ordinatere yake ilikuwa ya sekretere mwenyewe; alipokosana na komite, alienda na ordinatere, na majina ya wafadhili yote yakaenda naye. Hakuiba kitu, ordinatere ilikuwa yake. Daftari njo haikuwa na mwenyewe.

Mbele ya kutia sahihi, fanyeni jaribio moja. Ingizeni michango ya miezi mitatu, kwa mukono wa sekretere, si wa fundi. Kisha mwambieni muuzaji: «Tutolee vyote, tunaondoka leo.» Kama faili inatoka na inafunguka mu Excel, na majina, michango na tarehe viko vyote, mutu huyo ni wa kuongea naye. Kama anaanza kueleza, kusogeza siku, kuomba malipo, simameni mutoke. Nyumba ambayo mulango wake unafunguka kwa kuingia tu inaitwa kasho.

Tunaomba komite zote za asbl na mifuko ya misaada ya Haut-Katanga na Lualaba zilete maneno haya ku mukutano mukubwa wa wanachama, yasomwe kwa kiswahili, wajane wakiwa ndani. Wao njo wameandikwa mu ile daftari. Ni haki yao kujua inalala fasi gani, na nani anashika ufunguo.