Nzuri kwa Tarakilishi, Kuni kwa Fundi

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Nilikuwa nikitafuta pesa za kulipa deni la ubao. Leo nawasimulia deni hilo lilivyonipata, kisha nitoe hoja ambayo najua wabunifu wenzangu hawataipenda.

Kuna fundi seremala mmoja hapa Nairobi mwenye mashine ya CNC. Kwa asiyeifahamu, ni meza kubwa yenye mota inayozungusha biti, na tarakilishi huiongoza mota hiyo kushoto, kulia, juu na chini. (Biti hii si ile ya 0 na 1. Ni chuma chenye makali, kinazunguka kama keke.) Mteja wake alitaka mlango wenye nakshi mfano wa milango ya Lamu, naye akaniomba nimtengenezee faili.

Mimi na digrii yangu nikaona hiyo ni kazi ya dakika kumi. Nikachukua picha ya mlango iliyopigwa kwa simu, nikaifungua katika Inkscape, nikabonyeza amri ya kugeuza picha kuwa mistari ya vekta. Basi! Kwenye kioo ilipendeza mno: kila jani, kila ufa wa mti, hata vumbi. Nodi, yaani zile nukta zinazoushikilia mstari, zilipita 14,000. Nikajisifu.

Karakanani mambo yakawa mengine. Mashine ilianza kutetemeka. "Kijana," fundi akasema, "hii faili yako imeipa mashine yangu homa." Punde tukasikia harufu ya kuungua, kingo zikawa nyeusi, na kipande chembamba kati ya majani mawili kikakatika na kurushwa ukutani. Ubao wa mkangazi ukawa kuni. Nilikwenda nyumbani nikisema mashine ni mbovu. Ilinichukua siku mbili kukubali kwamba mbovu alikuwa mimi.

Hebu tupige hesabu. Biti ya meno mawili ikizunguka mara 18,000 kwa dakika na kusogea milimita 3,600 kwa dakika, kila jino linang'oa unene wa milimita 0.1. Hiyo ni chenga halisi, na chenga huondoka na joto. Sasa angalia faili yangu. Mstari uliokuwa mmoja umekatwakatwa kuwa vipande vya milimita 0.05. Programu huria ya GRBL, inayoendesha mashine nyingi ndogo kupitia Arduino, hupanga hatua 16 tu mbele, na lazima iweze kusimama mwisho wa hatua hizo. Mara 16 ni milimita 0.8. Tuseme mashine huongeza au kupunguza mwendo kwa milimita 250 kwa sekunde, kila sekunde. Ndani ya milimita 0.8 mwendo inaoweza kuusimamisha ni milimita 20 kwa sekunde, yaani 1,200 kwa dakika. Uliomba 3,600, umepata theluthi. Biti bado inazunguka mara 18,000, kwa hiyo inasugua badala ya kukata. Ndiyo ile harufu.

Tatizo la pili ni kona. Biti ni duara. Ya milimita 6 haiwezi kuingia penye upana wa milimita 5, na kila pembe ya ndani itabaki na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 3, hata kwenye kioo uione kali kama wembe. Fundi wa Lamu hufika pembeni kwa patasi. Nakshi yake ilizaliwa na patasi, ndiyo maana ina kona zile. Biti yenye ncha ya V nayo huweza kuchonga kona kali kwa kupanda juu kidogo kila inapokaribia pembe, lakini hiyo ni kazi ya kupangwa tangu mwanzo.

Kinachonichekesha ni historia. Mistari hii ya vekta tunaiita ya Bézier kwa sababu Pierre Bézier aliieneza akiwa Renault miaka ya 1960. Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa ameifikia mwaka 1959. Wote wawili walitaka kuelezea maumbo ya magari kwa hesabu, ili mashine ziweze kuyatengeneza. Uzuri wake ni kwamba nukta nne zinatosha kueleza mpindo mzima. Sisi tumeichukua njia iliyobuniwa ili tuseme machache na mashine, tukaitumia kuipigia kelele 14,000.

Wapo watakaosema nunua biti nyembamba zaidi. Sawa, lakini biti ya milimita 1 huvunjika upesi, na lazima upite kidogo kidogo mara nyingi. Nani atamlipa fundi saa hizo? Wengine watasema bonyeza Ctrl+L, Inkscape itapunguza nodi yenyewe. Itapunguza, ndiyo, lakini haijui jani ni lipi na ufa ni upi. Itazungusha kona uliyoihitaji na kuacha kichafu usichokihitaji.

Nilichofanya mara ya pili ni hiki. Niliiweka picha chini, nikachora upya juu yake kwa mkono, jani moja, nikalinakili. Kisha kila eneo la kuchongwa nikalisinyaza kwa milimita 3 na kulitanua tena kwa milimita 3, kona zikiwa za mviringo. Kilichotoweka ndicho biti isichoweza kufikia, kwa hiyo nikaamua mwenyewe: nipanue, au nifute. Nodi zikabaki chini ya 400. Mashine ilipita bila kelele, na mzee akamalizia kona chache kwa patasi yake. Mteja hakuuliza vumbi limekwenda wapi.

Hoja yangu ni kwamba kupunguza si kuharibu mchoro. Ndiyo kazi yenyewe ya ubunifu, na ni ya mwenye faili, si ya fundi. Tukimpelekea faili chafu tunamwachia hasara ya mbao, biti na siku nzima, halafu tunalaumu mashine yake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuchora nenda karakanani umuulize fundi: biti yako ni ya milimita ngapi? Mimi sikuuliza, na deni la ubao nimelimaliza juzi tu.

Tuonane wakati mwingine.