Bingwa akivua viatu, kocha wa Goma analipwa na nani?

Tarehe 6 Agosti 2024, jijini Paris, Mijaín López wa Kuba alimshinda Yasmani Acosta wa Chile pointi 6 kwa 0 katika fainali ya mieleka ya Kigiriki-Kirumi, uzani wa kilo 130. Baada ya hapo akainama, akavua viatu vyake na kuviacha katikati ya mkeka. Wanamieleka ndivyo wanavyoaga. Alikuwa na miaka 41 na medali tano za dhahabu za Olimpiki: Beijing, London, Rio, Tokyo, na sasa Paris. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kushinda dhahabu tano mfululizo katika shindano lilelile la mtu mmoja mmoja.

Jambo moja halikusemwa sana siku ile. Acosta, yule aliyeshindwa, ni mzaliwa wa Kuba pia, na alikuwa mwenzake López katika mazoezi kabla ya kuhamia Chile. Yaani fainali nzima ya Olimpiki ilitoka mikononi mwa makocha wa kisiwa kimoja ambacho si tajiri. Dunia inamjua López. Ni wachache wanaoweza kulitaja jina la Raúl Trujillo, kocha wake.

Nayaleta haya Murara, kata ya komini ya Karisimbi, kwa sababu hapa kwetu kinyume chake ndicho kilichozoeleka. Vijana wenye nguvu tunao. Anayetaka ushahidi aamke alfajiri awasikie wakikimbia barabarani kwa makundi na nyimbo zao, au awatazame wasukuma chukudu wanaobeba mzigo ambao pikipiki haiwezi. Makocha pia tunao, wengi wao mabondia, wanajudo na wanamieleka wa zamani. Tunachokosa ni mtu wa kumwambia kocha huyo kwamba anachokifanya ni kazi, na kazi ina malipo.

Ukitaja mieleka mbele ya Mkongo wa kawaida, atafikiri unasema kachi, ile ya Kinshasa yenye hirizi na wachawi wa jukwaani. Ni burudani nzuri, simlaumu anayeilipia. Lakini mieleka ya Kigiriki-Kirumi ni kitu kingine. Huruhusiwi kumshika mpinzani chini ya kiuno wala kutumia miguu kumwangusha. Kila kitu ni kifua, mikono na subira. Mwafrika anaweza kufika juu kabisa: Karam Gaber wa Misri alichukua dhahabu Athens mwaka 2004, uzani wa kilo 96. Na nchi yetu, ilipoandaa Michezo ya Francophonie Kinshasa mwaka 2023, ilikuwa na mieleka katika ratiba, ya huru na ya Kiafrika. Kwa hiyo wakuu wetu wasiseme hawaujui mchezo.

Goma yenyewe ina mfano wake, ingawa ni wa ndondi. Balezi Bagunda, ambaye mji mzima unamwita Kibomango, aliwahi kuwa mtoto askari. Ana jicho moja. Akawa bondia, kisha kocha, na kwa miaka mingi alifundisha katika uwanja wa Unité vijana waliotoka kwenye makundi yenye silaha, maibobo wa mitaani, na wasichana ambao majirani waliwacheka walipovaa glavu. Waandishi na wapiga picha wa mashirika makubwa ya nje walikuja, wakapiga picha nzuri, wakaondoka. Picha hizo bado zinaonekana kwenye intaneti. Kuipigia klabu picha ni jambo jema, lakini bondia anahitaji glavu na chakula baada ya mazoezi, na kocha anahitaji kodi ya nyumba mwezi ukiisha.

Wapo wanaouliza, na ni swali la haki: kijana aliyekwisha kushika bunduki unamfundisha tena kupigana? Mimi nadhani swali hilo linasahau mwamuzi. Ulingoni, mtu wa tatu akisema simama, unasimama, hata kama damu imechemka na mpinzani wako amelegea. Kengele ikilia unarudi kwenye kona yako. Ukimaliza unamkumbatia aliyekupiga. Mtoto aliyelelewa porini na kamanda hakuwahi kufundishwa kusimama, alifundishwa kuendelea. Kocha aliyepitia njia hiyohiyo anaweza kumwambia jambo hilo bila hotuba ndefu, na ataaminiwa.

Hatari yenyewe si ya kubuni. Ripoti za Umoja wa Mataifa zinarudia mwaka hadi mwaka kwamba makundi yenye silaha ya mashariki mwa Kongo yanaandikisha watoto. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Bosco Ntaganda miaka 30 mwaka 2019, na miongoni mwa makosa yake ni kutumia watoto chini ya miaka 15 vitani huko Ituri. Wakaazi wa hapa hawajasahau kwamba mtu huyo, akiwa tayari anatafutwa, aliishi Goma na kucheza tenisi yake bila wasiwasi. Tangu M23 ilipouteka mji huu mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege umefungwa, benki zimefunga milango, na kijana asiye na kazi ana saa nyingi mno za kukaa barazani. Atakayemfuata kwanza ni nani, kocha au mwandikishaji? Mwandikishaji ana bajeti.

Lakini nisiwafanye makocha wote kuwa malaika. Popole Misenga na Yolande Mabika, wanajudo wenye asili ya Bukavu, walikwenda Rio mwaka 2013 kwa mashindano ya dunia na timu ya taifa. Wenyewe wamesimulia jinsi waliowaongoza walivyowaacha hotelini bila pasipoti, bila pesa na bila chakula cha kutosha, na jinsi nyumbani mchezaji aliyeshindwa alivyofungiwa kama adhabu. Walitoroka, wakaomba ukimbizi. Huko Brazil walimkuta kocha mwingine, Geraldo Bernardes, mzee aliyewahi kuifundisha timu ya taifa ya Brazil na kisha akawafundisha watoto wa mitaa maskini. Rafaela Silva wa Cidade de Deus, bingwa wa Olimpiki wa 2016, alipita mikononi mwake.

Mwaka huohuo, chini ya bendera ya timu ya wakimbizi, Misenga alimshinda Avtar Singh wa India katika pambano lake la kwanza la Olimpiki. Pambano la pili alishindwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia, wala hakufungiwa popote. Mwili ulikuwa uleule aliotoka nao Kongo. Kilichobadilika ni mtu aliyesimama pembeni ya mkeka.

Ndiyo maana ninapodai makocha walipwe, nadai pia wakaguliwe. Kocha awe na leseni yenye jina na picha. Mzazi wa Murara ajue anamkabidhi nani binti yake jioni, na ajue mlango wa kugonga akiona jambo baya. Kocha anayejitolea bure miaka kumi hana wa kumwajiri, kwa hiyo hana pia wa kumwajibisha. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, na mashirikisho yetu yamependa kuyasahau yote mawili.

Pesa zitoke wapi? Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ina mfuko wa mshikamano unaogharamia kozi na ufadhili wa makocha, na maombi hupitia kamati ya taifa. Kamati hiyo iko Kinshasa, na kocha wa Goma leo hana ndege ya kumfikisha huko. Basi fomu zije kwa barua pepe na kozi zifanyike kwa video. Upande wa serikali kuna mpango wa kuwapokonya silaha na kuwarudisha wapiganaji katika jamii, P-DDRCS, ulioundwa mwaka 2021. Uwe na fungu la makocha, la mishahara kabla ya fulana zenye nembo. Nchi iliyokubali mwaka 1974 Ali na Foreman wapate dola milioni tano kila mmoja kwa usiku mmoja wa Kinshasa haiwezi kusema haijui thamani ya ngumi.

Michezo ya Olimpiki ya Vijana imepangwa kufanyika Dakar mwaka 2026, mara ya kwanza kwa mashindano ya Olimpiki kuja Afrika, na judo na ndondi zimo. Kijana wa miaka 17 kutoka Murara mwenye kipaji cha kufika huko atahitaji mtu wa kusaini fomu yake, mwenye cheo kinachotambulika na muhuri. Kocha anayemfundisha kila jioni hana hata kadi.