Kabla hujauza kiwanja ili mtoto akasomee magemu

Hivi karibuni nilikuwa Rusumo, upande wetu wa daraja, nikisubiri gari la kurudi Kigali. Mama mmoja anayevusha mchele kutoka Tanzania, ambaye tunafahamiana tangu tulipokuwa wote ugenini Ngara, akanivuta pembeni. "Kaka," akaniambia, "wewe mtu wa magazeti, hebu nisomee hii." Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua ya kumkubali kijana wake katika chuo kimoja cha ng'ambo, akasomee shahada ya ubunifu wa magemu ya kompyuta. Ada ya mwaka wa kwanza ilitakiwa ilipwe yote kabla ya kuomba viza. Mteja wa kiwanja alikuwa ameshapatikana.

Sikumwambia auze wala asiuze. Nilimwomba anipe muda, kwa sababu swali lake lilistahili jibu lililofikiriwa. Jibu nililompelekea ndilo hili, na nimeona nilitoe gazetini kwani wazazi wa aina yake wapo wengi huku mipakani.

Ndugu msomaji, kwanza tuachane na ile hoja ya wazee wenzangu kwamba magemu ni uhuni na kupoteza muda. Kuyacheza mchana kutwa ni kupoteza muda, nakubali. Kuyatengeneza ni kazi, na ni kazi inayolisha watu. Tena si lazima uzaliwe Tokyo. Lual Mayen ni Msudani Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kambini hapakuwa na umeme wa kuichaji, hivyo kijana alikuwa akitembea muda wa saa tatu hadi penye mgahawa wa intaneti. Alijifundisha mwenyewe kuandika programu, akatengeneza gemu aliloliita Salaam, linalohusu watu wanaokimbia vita. Mwaka 2018 alitunukiwa nchini Marekani katika hafla ya The Game Awards. Sisi tuliowahi kupanga foleni ya mahindi ya msaada tunaelewa dola 300 ni kitu gani.

Lakini tazama fedha ya yule mama ilinunua nini. Ilinunua kompyuta, haikununua jina la kozi.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na ile barua. Kutengeneza gemu si kazi moja. Ni kama kujenga nyumba: yupo mchoraji ramani, yupo mwashi, yupo fundi umeme. Gemu lina mwandishi wa programu, lina mchoraji, lina mtu wa sauti, na lina mbunifu anayetunga kanuni za mchezo wenyewe. Hata chuo cha DigiPen kilichopo Redmond, Marekani, ambacho ni miongoni mwa vyuo vya mwanzo kabisa kutoa shahada za fani hii, hakiwaweki wanafunzi wote kwenye kapu moja. Wa programu wana shahada yao iliyojaa hesabu na fizikia, wachoraji wana yao, na wabunifu wana yao. Kwa hiyo kijana anayesema "nataka kusomea magemu" bado hajasema anataka kusomea nini. Mzazi amuulize: mwanangu, wewe katika nyumba hiyo ni mwashi au ni mchoraji ramani?

Akijibu kuwa anataka kuandika programu, basi asomee sayansi ya kompyuta, na asikimbie hesabu. Wengi wanakimbia hapo. Chukua gemu la mpira wa miguu. Picha unazoziona kwenye skrini hubadilishwa mara 60 kwa sekunde, maana yake kompyuta ina kama milisekunde 16 tu za kupiga hesabu ya mpira uko wapi, unakwenda upande gani, kwa kasi gani, na kama umegusa mguu wa mtu. Hiyo yote ni vekta, matriki na trigonometria, pamoja na fizikia ya kidato cha tano. Kijana aliyesoma mchepuo wa PCM kule Tanzania tayari ana nusu ya safari mfukoni. Aliyeacha hesabu kidato cha nne kwa kuwa "magemu hayahitaji hesabu" amedanganywa, na mara nyingi amejidanganya mwenyewe.

Akijibu kuwa yeye ni mchoraji, akajifunze kuchora kwa mkono kwanza: mwili wa binadamu, kivuli, umbali. Shigeru Miyamoto, aliyebuni Donkey Kong mwaka 1981 na baadaye Mario, hakusomea kompyuta. Alisomea ubunifu wa bidhaa katika chuo cha sanaa cha Kanazawa huko Japani. Hapa kwetu ipo Shule ya Sanaa ya Nyundo, karibu na Rubavu, na Makerere wana shule ya sanaa iliyobeba jina la Margaret Trowell. Sidhani kama wazazi wengi wameshawahi kuzihusisha na magemu.

Lipo kundi la tatu, na hili nataka wafanyabiashara wa mpakani walisikilize vizuri. Magemu mengi ya sasa, hasa yanayochezwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja, yana soko ndani yake. Wachezaji wanachimba madini, wanauza panga, wananunua farasi, kwa sarafu za humo humo. Sarafu zikiingia nyingi kuliko zinazotoka, bei zinapanda na mchezaji mgeni hawezi kununua hata kisu. Zikiwa chache mno, watu wanachoka na kuondoka. Anayesawazisha hayo ni mbunifu aliyesoma uchumi na takwimu. Mwaka 2007 kampuni ya CCP ya Iceland ilimwajiri mwanauchumi mwenye shahada ya udaktari kusimamia soko la gemu lao la EVE Online. Mwaka 2012 kampuni ya Valve ya Marekani ikamchukua Yanis Varoufakis kwa kazi ya namna hiyo, na mwaka 2015 huyo huyo akawa Waziri wa Fedha wa Ugiriki. Sasa niambie, mtoto aliyekua akimwona mama yake anakokotoa faranga kwa shilingi kichwani, huku akijua kuwa mvua ikizidi Karagwe bei ya maharage itafanya nini Kibungo, hana mtaji wa kuanzia katika fani hii?

Wapo watakaonipinga. Watasema chuo chenye kozi ya magemu kinamkutanisha kijana na wenzake, wanafanya kazi kwa timu, na anatoka na kazi za kuonyesha kwa mwajiri. Ni kweli, na kama kijana amepata ufadhili kamili, mimi mwenyewe nitamsindikiza uwanja wa ndege. Nazungumza na anayeuza kiwanja. Kati ya mwaka 2023 na 2024 makampuni ya magemu ya Marekani na Ulaya yalipunguza maelfu ya wafanyakazi, wakiwemo wenye uzoefu wa miaka mingi. Katika hali kama hiyo, mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta anaweza kuhamia benki, kampuni ya simu au hata forodha. Mwenye cheti kilichoandikwa magemu tu ana mlango mmoja wa kugonga, na ukifungwa anarudi nyumbani ambako kiwanja hakipo tena.

Aidha, naomba mzazi adai orodha ya masomo ya kila mwaka kabla ya kulipa hata senti. Usitazame jina la juu, soma yaliyomo. Ukiona karibu kila somo ni "jinsi ya kutumia" programu fulani, shtuka. Miaka ya 2000 vyuo vingi vilifundisha Flash kana kwamba ingeishi milele. Mwishoni mwa mwaka 2020 Adobe wenyewe waliacha kuihudumia. Waliofundishwa vitufe vyake peke yake walibaki mikono mitupu. Waliofundishwa kanuni za kuandika programu walihamia kwenye chombo kingine.

Na orodha nzuri si lazima ivuke bahari. Chuo Kikuu cha Rwanda kinafundisha sayansi ya kompyuta hapa hapa Kigali, Dar es Salaam wanafundisha, Makerere wanafundisha. Carnegie Mellon ya Marekani nayo ina tawi Kigali tangu mwaka 2011, ingawa wao ni wa shahada ya uzamili, hivyo kijana atafika huko akiwa tayari na shahada ya kwanza.

Lakini kabla ya yote hayo, kijana apewe jaribio. Nilimwambia yule mama amwambie mwanawe atengeneze magemu matatu madogo, kila moja liishe. Injini ya Godot ni ya bure, na haihitaji kompyuta ya kifahari kwa magemu madogo ya namna hiyo. Gemu la kwanza liwe la bao, au igisoro kama tunavyoliita hapa. Asidharau. Lina mashimo 32 na kete 64, halina bahati nasibu hata chembe, na limewaweka wazee chini ya mti kwa vizazi na vizazi. Akiweza kuifundisha kompyuta kucheza bao la Waswahili, yaani ijue lini mtu bado ananamua na lini ameingia kwenye mtaji, atakuwa amejifunza mantiki kuliko katika muhula mzima. Kisha ampe jirani acheze bila kumweleza chochote, naye akae kimya amtazame anakwama wapi. Huko kukaa kimya ndiko kugumu kuliko yote, na ndiko mwanzo wa ubunifu.

Wiki iliyopita mama alinipigia simu. Kijana alikasirika siku mbili, akasema mimi ni mzee nisiyejua dunia inavyokwenda. Siku ya tatu akaomba aazimwe kompyuta ya binamu yake. Sasa kuna gemu la bao ambalo kete zake, kwa maelezo ya mama, "zinapotea zikifika kona ya kushoto", na mtoto halali akitafuta zinakwenda wapi. Mteja wa kiwanja ameambiwa asubiri hadi baada ya mavuno ya mpunga.