Kila Alama na Somo Lake



Wenzangu wanaojifunza hifadhidata hupenda sana kuikusanya mistari mingi ya jedwali kuwa orodha moja, ambayo mafundi huiita arei. Nami naipenda. Katika PostgreSQL, tangu mwaka 2009, iko amri ya array_agg. Kwa amri hiyo mistari tisa ya mwanafunzi, kila somo na mstari wake, hugeuka mstari mmoja: jina, masomo, alama. Mzazi aipokeaye ripoti huisoma bila taabu.

Lakini hapo ndipo wengi wazembeapo. Hifadhidata haimwahidi mtu mpangilio wowote asipouomba. Akiyapanga masomo kwa alfabeti, na alama akaziacha zije zitakavyo, ataletewa orodha mbili nzuri, kila moja ina vitu tisa, na alama za Hesabu zaweza kuangukia Historia. Kompyuta hailalamiki, maana idadi imetimia. Yapasa aandike ORDER BY ndani ya mabano ya kila array_agg, na zote mbili azipange kwa somo. (Yuko atakayezipanga alama kwa ukubwa wake! Ripoti ya huyo itapendeza macho tu.)

Tena kuna mwanafunzi aliyeugua siku ya Jiografia. Mahali pa alama yake pana NULL, yaani hapana kitu, wala si sifuri. Amri yetu huihifadhi nafasi hiyo tupu, na mimi nasema ni vyema. Wako wanaoichuja alama hiyo ili orodha ionekane safi. Basi zinazofuata zote husogea, mtoto akapewa alama za Kemia katika Jiografia, na Uraia, ambao aliufanya, ukasomeka kuwa hakuufanya.

Wengine husema: kwa nini tusiziweke arei zenyewe katika jedwali? Sikubaliani nao. Maelezo ya PostgreSQL yenyewe yaonya kwamba kutafuta kitu kimoja ndani ya arei huweza kuwa dalili ya hifadhidata iliyobuniwa vibaya. Mwalimu wa Kemia akitaka alama za darasa lake, mistari humpa mara moja. Arei itabidi zifunguliwe kwanza.

Naomba walimu wetu, kabla ripoti za muhula huu hazijapigwa chapa, wamchague mwanafunzi mmoja aliyekosa mtihani, wailinganishe ripoti yake na mistari ya jedwali, somo kwa somo.